Fuawe Ninalo, Vifaa vya Kuchomeka Sina

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni kijana wa Kiboriloni, Moshi, na nimeanza kujifunza uhunzi tangu masika yalipokwisha. Nimepata fuawe la zamani, yaani chuma kizito cha kufulia chuma juu yake, lenye pembe upande mmoja, na upande wa pili lina matundu mawili, moja la mraba na jingine la duara. Nina nyundo ya kilo moja, mkaa wa kawaida na feni ndogo ya kupulizia moto. Kila ninapouliza bei ya vifaa vinavyochomekwa kwenye lile tundu la mraba, naambiwa kwamba viagizwe kutoka nje, na fedha hizo sina. Je, mtu anayeanza anaweza kujitengenezea mwenyewe? Na kama anaweza, aanze na kipi?

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Anaweza, tena ni vizuri hujapata fedha za kuagiza, kwa sababu mhunzi anayenunua vifaa vyote anakosa somo lililo bora kuliko yote, nalo ni kutumia kifaa cha kwanza kutengenezea cha pili. Wazee wa Mamba, jirani na Marangu, walifua mikuki na mundu kwa nyundo walizozifua wao wenyewe, na chuma kingi kilichopanda mlimani zamani kilitoka Upare, ambako ukoo wa Washana ulijulikana kwa kuyeyusha na kufua chuma.

Anza na patasi ya kusimama, yaani ile inayochomekwa kwenye tundu la mraba makali yakiwa juu, kisha chuma chenye moto kikalazwa juu yake na kupigwa nyundo hadi kikatike. Ukiwa nayo hutegemei msumeno wala grinda, na umeme ukikatika saa nane mchana kazi yako haisimami.

Pima kwanza tundu lako, juu na chini, kwa pande zote mbili, maana katika mafuawe ya zamani mara nyingi si mraba kamili. Tuseme umepata milimita 25. Nenda kwa mafundi wa magari, uulize shafti ya gurudumu la nyuma iliyokatika, yenye unene wa milimita 32 hadi 35. Usikubali wakukatie kipande kifupi. Omba urefu wa sentimita 70 au zaidi, kwa sababu wewe bado huna koleo la kushika chuma kinene kiasi hicho, na shafti yenyewe itakuwa mpini wako: upande mmoja uko motoni, upande wa pili uko mkononi, na katikati umeuegemeza kwenye kigingi au gogo ili usikuchoshe.

Pasha ncha moto hadi iwe na rangi ya chungwa linalong'aa, kisha ifue pande nne, ukiizungusha robo mduara kila baada ya mapigo machache, hadi upate mguu wa mraba wenye urefu wa sentimita tano hivi. Rangi ikishuka na kuwa nyekundu ya kiza, acha kupiga na urudishe motoni. Chuma cha shafti hakivumilii kupigwa kikiwa kimepoa. Kitapasuka ndani, na ufa hutauona hadi siku kifaa kitakapokatika. Vilevile usikisahau motoni, kwa kuwa kikianza kurusha cheche nyeupe kimeshaungua, na dawa yake ni kukata sehemu hiyo na kuitupa. Nyundo yako ya kilo moja itaifanya kazi hii, lakini kwa jasho. Ukiwa na rafiki wa kukupigia nyundo ya kilo nne, mwite.

Sasa tumefika mahali ambapo wanaoanza wengi hukosea, na mimi pia niliwahi kukosea. Mguu usibane kwenye tundu. Ukifua mguu mnene juu na mwembamba chini, ukauchomeka hadi ukakwama, umetengeneza kabari, na kila pigo la nyundo litakuwa linaisukuma kabari hiyo ndani ya sehemu iliyo dhaifu kuliko zote katika fuawe, yaani ule upande wenye matundu. Fuawe langu la kwanza lilipata ufa hapo, kutoka kona ya tundu hadi ukingoni, na mwenye kosa hakuwa aliyeniuzia. Kinachobeba pigo ni bega, ule ukingo ulio bapa kati ya mguu na mwili wa kifaa, ambao unakaa juu ya uso wa fuawe. Mguu wenyewe kazi yake ni kuzuia kifaa kisizunguke tu.

Kwa hiyo ufue mguu uwe mdogo kuliko tundu kwa milimita moja hivi, uwe na unene uleule kutoka juu hadi chini, kisha ujaribu ukiwa umepoa. Ukiingia na kutoka kwa mkono bila kulazimishwa, na ukitikisika kidogo, umefaulu. Baada ya hapo kata shafti, ukiacha sentimita saba juu ya mguu. Kwa mara hii moja lipia grinda. Pasha kipande chote moto kikiwa kimegeuzwa, sehemu ya bega ndiyo ipate moto mwingi, kichomeke, na upige kutoka juu mapigo mazito matatu au manne hadi bega likae sawasawa juu ya fuawe pande zote nne. Usikiache humo hata kidogo: kigonge kutoka chini kitoke mara moja, kwa sababu mapigo yale hunenepesha mguu, na kikikaa kitang'ang'ania. Pale mguu unapokutana na bega pasiwe na kona kali kama ya sanduku. Pazungushe kidogo kwa tupa, maana ufa hupenda kuanzia kwenye kona kali.

Kilichobaki ni makali. Ifue sehemu ya juu iwe bapa kama kichwa cha shoka dogo, umalizie kwa tupa au grinda hadi pande mbili zikutane kwa pembe ya nyuzi 30 hadi 40. Hapa mafundi wenzangu hawatakubaliana nami, lakini kwa patasi ya kukatia chuma chenye moto mimi siizimishi, yaani siizamishi ikiwa na moto kwenye mafuta wala maji ili iwe ngumu. Naipasha hadi iwe nyekundu, naifukia kwenye ndoo ya majivu, na kesho yake naitumia. Chuma cha shafti kina ugumu wa kutosha kukata chuma chenye rangi ya chungwa, na ugumu wa ziada ungepungua wenyewe kwa joto la kazi. Isitoshe, siku nyundo itakapoteleza ikagonga makali, makali laini yatajikunja tu, na tupa itayarudisha. Makali magumu hurusha kipande, na kipande hicho hakichagui kati ya ukuta na jicho. Miwani ya kinga inauzwa madukani. Inunue kabla ya kununua gunia la pili la mkaa.

Unapokata, usipige hadi mwisho. Kata nusu, geuza, kata upande wa pili hadi ubaki unyuzi mwembamba, kisha vunja kwa kukunja kwenye ukingo wa fuawe. Na ukimaliza kukata, toa patasi kwenye tundu papo hapo, kabla hata ya kurudisha chuma motoni. Nina kovu kwenye kidole gumba cha kushoto kwa kuahirisha jambo hilo kwa dakika moja: niligeuka kuchukua kipande kilichoanguka, nikaegemeza mkono pale ninapoegemeza siku zote.

Ukishakuwa na patasi, kifaa cha pili ni toboo, yaani chuma cha kutobolea matundu, na hapo ndipo utakapojua kazi ya lile tundu la duara: ncha ya toboo na kile kidonge cha chuma kinachong'oka hupitia humo, ili usiharibu uso wa fuawe. Tafuta springi iliyojiviringisha ya gari dogo, yenye unene wa milimita 12 hadi 14. Ipashe moto, inyooshe, na ukate urefu wa sentimita 25 au 30 kwa patasi yako mpya. Urefu huo una sababu, kwa kuwa mkono wako utakuwa juu ya chuma chenye moto mkali. Ncha ya kutobolea iwe bapa na yenye kona kali, isichongoke kama penseli, kwa sababu inatakiwa ing'oe kidonge badala ya kuusukuma chuma pembeni. Piga mapigo matatu au manne, itoe ipoe, dondoshea vumbi la mkaa ndani ya shimo ili isinase, kisha endelea. Ukiona chini pameanza kuonekana doa jeusi la duara, geuza chuma, weka doa hilo juu ya tundu la duara, lilenge, na kidonge kitaanguka ndani ya tundu.

Kifaa cha tatu ni uma wa kukunjia, na huo ni rahisi: fimbo ya chuma ya milimita 16 iliyokunjwa kama herufi U na kuchomelewa juu ya mguu wa mraba wenye bega. Utakusaidia kukunja mapambo ya mageti na madirisha, ambayo nadhani ndiyo yatakayokulipa kwanza, kwa sababu kazi ya mundu wa kukatia majani ya ng'ombe ina wenyewe, na wanajua.

SWALI: Mimi ni fundi wa kuchomelea Unga Limited, Arusha. Nilitengeneza patasi ya fuawe kwa kipande cha springi bapa ya lori, nikakichomelea kwenye chuma laini cha mraba. Siku ya pili ilikatika pembeni tu ya mshono, na mshono wenyewe ulibaki mzima. Je, vijiti vyangu vya kuchomelea ni vibovu?

JIBU: Yawezekana vijiti vyako havina kosa lolote. Umeieleza sababu wewe mwenyewe uliposema kwamba ilikatika pembeni ya mshono. Springi ina kaboni nyingi kuliko chuma cha mageti unachokizoea, na chuma cha namna hiyo kikipashwa joto kali halafu kikapoa haraka huwa kigumu na chepesi kuvunjika kama kigae. Ulipochomelea, ukanda mwembamba kando ya mshono ulipata moto mkali, na springi iliyobaki, ikiwa baridi, ikaunyonya moto huo kwa sekunde chache. Ni kana kwamba uliuzamisha ukanda huo kwenye maji.

Safari ijayo pasha springi kwanza hadi nyuzi 250 hivi, yaani hadi sehemu uliyoisugua ikang'aa ianze kubadilika kuwa kahawia. Tumia vijiti vya kuchomelea vyuma vigumu vilivyowekwa mahali pakavu, chomelea bila kuiacha ipoe, kisha ifukie kwenye majivu makavu na uiache humo hadi kesho yake. Mara nyingi kasoro inatokana na haraka ya kutaka kuona kifaa kinafanya kazi jioni ileile. Hata hivyo, kama una shafti, fua kifaa cha kipande kimoja. Kisicho na mshono hakina mahali pa kukatikia.

Na kwa kuwa uko jirani na gereji nyingi, neno moja kuhusu shokapu. Fimbo yake inavutia kwa unyoofu, lakini usiweke motoni shokapu ambayo haijafunguliwa. Ndani mna mafuta, na nyingine zina gesi iliyoshindiliwa, na zikipashwa hulipuka. Fimbo yenyewe imepakwa kromu, hivyo sugua hadi uone chuma kitupu. Bomba la mabati nalo usilitie motoni, kwa sababu zinki yake huanza kuchemka kwenye nyuzi 907, na moshi wake mweupe utakulaza na homa usiku.

SWALI: Nimepata mtu anayeniuzia kipande cha reli kwa ajili ya fuawe, hapa Moshi. Ninunue?

JIBU: Usinunue. Reli ni mali ya umma, na mtu anayeiuza kwa vipande nyuma ya nyumba hana risiti ya kukupa. Kesi yake itakuwa yako. Shafti nene ya lori, au kipande chochote kizito cha chuma chenye kilo 25 hadi 30, kikisimamishwa wima ndani ya gogo, kinatosha kabisa. Uso utakuwa mdogo kama sahani, lakini uzito wote uko chini ya nyundo, na hapo ndipo unapohitajika. Kwa kuwa halitakuwa na tundu la mraba, chomelea bomba nene la mraba ubavuni mwa chuma hicho, mdomo wake ukiwa sawa na uso wa juu, na vifaa nilivyomweleza kijana wa Kiboriloni vitakaa humo. Kwa patasi, hakikisha bega lake linaegemea uso wa chuma chenyewe, si mdomo wa bomba peke yake.

SWALI: Toboo langu la springi nilizimishe kwenye oili chafu ya gari? (Msomaji, Ngarenaro, Arusha.)

JIBU: Mafuta ya kupikia yanafaa zaidi, hata yaliyokwisha kukaangia chipsi, kwa kuwa oili chafu ina masalio ya vyuma na moshi wake ni mbaya kwa mapafu. Weka lita tatu au nne kwenye chombo cha chuma chenye mfuniko, usitumie ndoo ya plastiki. Pasha ncha peke yake hadi sumaku isiishike tena, ongeza moto kidogo, kisha izamishe wima na kuichezesha hadi ipoe. Isugue ing'ae, halafu ipashe taratibu kuanzia nyuma ya ncha huku ukiangalia rangi zinavyotembea kwenye chuma: manjano, kahawia, zambarau, buluu. Zambarau ikigusa ncha, izamishe. Kichwa kinachopigwa na nyundo kiache kilivyo, kiwe laini, na kila kinapochanua kama uyoga kikate kwa grinda.