Kwa aliyeuliza anunue risasi gani za kulinda nyumba

Ndugu yangu wa Muyeye, pole kwa kuvunjiwa mara mbili. Umeuliza mambo matatu: risasi za kufumuka, zile zinazopanuka zikiingia mwilini, kama zinaruhusiwa, kopo la pilipili la kuagiza mtandaoni, na panga la kuweka chini ya kitanda. Mimi si wakili, ila benchi la stesheni ya polisi hapa Malindi nimelikalia kwa mambo haya haya.

La risasi nitalipita mbio. Video ulizotazama ni za Marekani. Kwetu Kenya, Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inaanza na cheti, na cheti ndicho kinachotaja bunduki yako na kiasi cha risasi unachoruhusiwa. Bila cheti, hata risasi moja kwenye droo ni kesi. Huna, kwa hivyo suala la aina bado halijakufikia.

Kopo la pilipili ndilo linalowaponza wengi. Shemeji yangu alikuja likizo kutoka Ulaya na vikopo viwili vya rangi ya waridi, vidogo kama kiberiti cha gesi, vina pete ya kutia funguo. Nikamwonyesha kimoja wakili mmoja tunayeswali naye. Hakukigusa. Alikisukuma kwa ncha ya kalamu mpaka kikarudi upande wangu wa meza, akasema, "Bwana, hii ni bunduki." Nikacheka, yeye hakucheka. Kumbe kifungu cha 2 cha sheria ile ile, kinapoeleza maana ya bunduki, kinaingiza pia silaha iliyoundwa kurusha maji au gesi ya kudhuru, na vile vya kumpiga mtu shoti ya umeme. Siku ile ile tulikwenda kuvisalimisha, wakili mbele, mimi nyuma.

Sasa panga. Kuwa nalo nyumbani si kosa, nani hapa hana? Kosa ni kukutwa nalo katika hali inayoonyesha ulikuwa na nia ya uhalifu. Lakini kwako wewe taabu haiko kwenye panga, iko kwenye saa utakayolitumia.

Mwaka juzi, wakati wa kaskazi, madirisha wazi kwa joto, stima zimepotea. Nikaamka nikaona suruali yangu inatembea hewani. Kijana amepasua wavu wa dirisha, ana ufito mrefu wenye ndoana, anavua suruali na simu iliyokuwa mfukoni. Nilitoka na rungu. Nikamkuta ameshapanda ukuta, mguu mmoja upande wa pili, nikampiga mkono. Nilisikia mfupa.

Asubuhi niliitwa. Askari aliyekuwa akiandika aliniuliza swali moja tu, akalirudia mara tatu: "Alikuwa anakujia au anakwenda zake?" Nikaona maji ya moto. Kifungu cha 17 cha Kanuni ya Adhabu kinaruhusu kujitetea wewe na mali yako, ila kinatupeleka kwenye misingi ya sheria ya kimazoea ya Uingereza (common law), ile iliyojengwa na hukumu za mahakama: nguvu utakayotumia iwe ya kadiri, kulingana na hatari iliyopo wakati ule. Mtu aliye juu ya ukuta, anakimbia, ameshaiangusha suruali, hatari yake ni ipi? Sikuwa na jibu. Wazee wa pande mbili wakaingilia kati, nikamlipia plasta mwizi wangu mwenyewe. Ningekuwa nimeshika panga, au hiyo bunduki unayoiota, leo ningekuwa nakuandikia kutoka wapi?

Zile mara mbili ulizovunjiwa, uliandikisha stesheni? Kama bado, nenda ukachukue namba ya OB, kile kitabu cha matukio cha polisi, maana siku ukiulizwa kwa nini ulikuwa na hofu, hiyo ndiyo itakayokusemea.

Kwangu nimetia nondo dirishani, taa ya sola uani, na mabata bukini wawili ambao hata mimi nikichelewa kurudi hawanisamehi. Na suruali nalala nayo chini ya godoro.