Hao wenye herufi GBI mgongoni ni akina nani?

SWALI: Shangazi, katika mji wetu mdogo hapa Georgia, Marekani, askari alimpiga kijana risasi. Kesho yake wakaja wapelelezi wengine, GBI, wakatugongea milango. Bosi wao ni nani? — Baba wa watoto wanne

JIBU: Baba, poleni sana. Mimi ni mkalimani wa mahakama huku, na linaniuma kuona watu wetu wanazima taa wakidhani ni uhamiaji. Sivyo. GBI, yaani Georgia Bureau of Investigation, ni idara ya upelelezi ya jimbo, makao yake Decatur, si mbali na mji wa Clarkston waliko Wakongo wengi. Ilianzishwa 1937 chini ya idara ya usalama wa umma, 1974 ikajitegemea. Mkurugenzi wake huteuliwa na Bodi ya Usalama wa Umma kwa idhini ya gavana. Mkuu wa polisi wa mjini kwenu hana amri juu yake, na ndiyo maana huitwa wao: askari asichunguzwe na mtu anayekunywa naye chai. Kwa kawaida huja wakiombwa. Wana maabara yao pia, risasi hupimwa huko. Lakini kushtaki si kazi yao. Jalada huenda kwa mwendesha mashtaka.

Wakirudi, sema: “Naomba mkalimani wa Kiswahili.” Kisha eleza ulichokiona, hata kama ni kidogo.