Usitume hiyo fomu, mkuu: sifuri ya darajani si sifuri ya kijito

Mkuu mleta uzi, hiyo fomu ya kuandika kwamba kijito chenu hakina trauti, samaki wa maji baridi, usiitume. Kama umeshaituma, kesho asubuhi piga simu uombe irudishwe, utunge sababu yoyote, hata useme ulikosea tarehe.

Nimesoma maelezo yako mara mbili. Mmeingia kijitoni Agosti, saa saba mchana, mita mia moja kuanzia darajani kushuka. Mashine ya umeme, ile ya kupooza samaki majini ili wahesabiwe, imewatolea samaki wa maji ya vuguvugu tu, kipimajoto kimesoma nyuzi 23, na sasa mnataka kujaza "hakuna trauti" ili jirani wa juu aweke kalvati kabla mwaka haujaisha. Halafu umeuliza kijito kiwekwe kundi gani, kinasa joto kipi ni bora, trauti wa mwitu anatofautishwaje na wa kupandikizwa (aliyefugwa kisha akamwagwa kijitoni), na kama kupima DNA iliyomo majini kunatosha. Maswali mazuri yote. Ila wewe unauliza rangi ya mapazia na nyumba inaungua.

Hii hadithi naijua mpaka mwisho kwa sababu niliilipia mimi. Mwezi ni uleule, saa ileile, na daraja lilikuwepo pia. Tulikuwa wenye mashamba kando ya kijito, tukataka kivuko cha matrekta, tukaambiwa kwanza kijito kipimwe. Tukamleta mtaalamu. Simtaji, ila popote alipo kwikwi imshike. Jamaa aliegesha gari kivulini, akavaa mabuti, akatembeza mashine mita zake mia moja kuanzia pale gari lilipo, akahesabu vidagaa, akasema: "Hapa hakuna trauti, maji haya ni moto." Nikamuuliza kama haifai kupanda juu msituni, maana kule kuna mikono midogo, yaani vijito vidogo, inayoingia kwenye kijito kikuu. Akanicheka. Akasema mita mia moja ndicho kipimo kinachokubalika duniani kote. Nikasaini. Nilisaini kwa furaha, tena kwa kalamu yake.

Sasa sikiliza kosa liko wapi, maana urefu wa kipande haukuwa tatizo. Mita mia moja zinatosha kabisa kukuambia habari za mita mia moja. Tatizo ni kwamba pale darajani pamechaguliwa na gari. Mtu anapima pale anapoweza kuegesha. Na daraja ndipo mahali pabaya kuliko pote: miti imekatwa, jua linapiga, maji yametanuka na kuwa ya kina kifupi, tope la barabara limeziba nafasi kati ya changarawe. Trauti mwenye akili timamu anakaa pale Agosti kufanya nini? Trauti wa kijito, Salvelinus fontinalis, anataka maji ya chini ya nyuzi 20 hivi. Trauti wa kahawia, aina nyingine, anavumilia zaidi kidogo, lakini naye joto likipanda anahama. Wanapanda kufuata chemchemi. Maji yanayotoka ardhini yana joto linalokaribia wastani wa hewa wa mwaka mzima, kwa hiyo kiangazi kikikaza yenyewe hubaki baridi. Kijito kinachosoma 23 darajani kinaweza kusoma 14 ukipanda mwendo wa nusu saa, kwenye mkono mwembamba unaouruka bila kukimbia, usio hata na jina kwenye ramani.

Mashine nayo ina uongo wake. Maji safi ya juu, hasa yanayotoka kwenye miamba ya graniti au mawe ya mchanga, yana chumvi kidogo mno na hayapitishi umeme vizuri. Usiporekebisha volti, samaki anahisi mtekenyo tu, anajisogeza chini ya jiwe anakusubiri upite. Na wadogo ndio wagumu zaidi kuwapata, kwa sababu mwili mfupi unapokea tofauti ndogo ya volti kuliko mwili mrefu. Yaani walewale vifaranga unaowahitaji kuthibitisha kwamba samaki wanazaliana ndio mashine inawapita. Mtaalamu wetu hakupima hata mara moja kama maji yanapitisha umeme. Nilidhani kile kifaa alichokiacha garini ni redio.

Basi fomu ikaandikwa sifuri, na sifuri ikafungua milango yote. Kijito kinachojulikana kuwa na trauti wa mwitu mara nyingi huwa na miezi ambayo hairuhusiwi kuchimba ndani ya maji. Jimbo la Pennsylvania, Marekani, kwa mfano, ni kuanzia 1 Oktoba hadi 31 Desemba, na vijito vya kundi la juu hulindwa muda mrefu zaidi. Sisi tulikuwa na sifuri, tuzuiwe na nani? Katapila likaingia Novemba.

Novemba, mkuu. Trauti wa kijito na kahawia wanataga vuli. Jike anachimba changarawe kwa mkia, anataga, anafukia, na mayai yanakaa humo majira yote ya baridi yakipumua maji yanayopita kati ya mawe. Tope laini likitua juu yake, maji hayapiti tena, mayai yanakosa hewa. Hakuna maiti wa kuonekana wala harufu, huwezi hata kujua umeua. Unakuja kujua baadaye, wakati vifaranga walipotakiwa kutokeza mapema kwenye machipuko, na hakuna anayetokeza.

Tulijuaje kwamba kulikuwa na cha kuua? Kijana mmoja anayevua kwa mnyoo alinionyesha picha kwenye simu, samaki wa kiganja, mapezi ya chini mekundu yenye ukingo mweupe, mgongo una michirizi kama mtu amechora akiwa na usingizi. Nikamwambia amemtoa kwingine. Akanipeleka. Ni upande wa juu wa kijito kutoka kalvati letu jipya, umbali wa kurusha jiwe na upepo ukusaidie. Walikuwepo wakubwa kadhaa kwenye kidimbwi chini ya chemchemi, na mwaka uliofuata, kwenye changarawe ya chini ya kalvati tope letu lilikotua, wadogo hawakuonekana kabisa. Yule mtaalamu, tulipompigia, akasema huenda ni mafuriko. Na kweli mafuriko ya majira ya baridi yanaweza kufagia mayai ya mwaka mzima, sikatai. Ila mafuriko hayakuniletea ankara.

Na kalvati lenyewe likawa jinamizi la pili. Bomba liliwekwa juu kidogo, maji yakachimba chini ya mdomo wake, likabaki linaning'inia. Samaki wa sentimita 12 haruki hapo. Kwa hiyo hata waliokuwa chini, kama walikuwepo, hawakuweza tena kupanda kwenye maji baridi. Tuling'oa bomba zima tukajenga tao pana lisilo na sakafu, maji yakapita kwenye changarawe yake ya asili. Kivuko kimoja tukakilipia mara mbili, na mara ya pili ilizidi ya kwanza. Kwenye kikao waliniuliza nani alisaini. Nikaomba udhuru nikaenda msalani, na nikakawia sana.

Ndiyo maana kila anayeniuliza namwambia hilohilo: hakuna kuandika sifuri mpaka upande kwenye maji baridi kuliko yote ya bonde. Tembea na kipimajoto alfajiri na mchana, pima kila mkono unaoingia, hata ule unaoudharau. Ukikuta mkono unaoshusha joto la kijito kikuu, huo ndio wa kuufuata mpaka chemchemi. Pima hapo. Ukikosa, rudi mwaka mwingine, maana mwaka mmoja wa mafuriko au ukame unaweza kuondoa rika zima la samaki na wazazi wakawepo. Ukikosa tena hapo juu, sasa tutazungumza.

Usidhani ni uchungu wangu tu. Pennsylvania wana mpango ulioanza 2010 wa kupima vijito ambavyo havikuwahi kupimwa, wakishirikiana na vyuo na mashirika ya hifadhi, na vingi vimekutwa na trauti wanaozaliana. Vilikuwa vitupu kwenye makaratasi tu. Na huko kijito kikishaingia kwenye orodha, hata ardhi oevu iliyo kando yake hupata ulinzi wa juu. Sasa piga hesabu sifuri moja ya uvivu inanyima nini.

Kuhusu wa mwitu na wa kupandikizwa: wa kupandikizwa mkubwa mara nyingi mapezi yake yamesagika kwa kuta za saruji, na wengine hukatwa pezi dogo la mgongoni makusudi. Lakini aliyewekwa akiwa kifaranga hana alama hizo, na yale madoa ya ubavuni ya utotoni anayo kama wenzake. Kwa hiyo uliza kwanza nani anamwaga samaki huko juu, zikiwemo klabu na wenye mabwawa binafsi. Kisha tafuta marika mawili au zaidi, mmojawapo awe wa mwaka huu, yaani kwenye vijito vya baridi sentimita 5 hadi 10 hivi kiangazi kinapokwisha. Angalia pia usije ukamwita mtoto mzee wa watu: kwenye vijito vya juu vyenye chakula kidogo trauti wa kijito anaweza kutaga akiwa hajafika sentimita 13. Ukiwa na shaka soma magamba, pete zake zinaonyesha umri.

DNA ya majini itakuambia trauti yuko mahali fulani juu yako. Haitakuambia alizaliwa hapo, ana umri gani, au ametoroka bwawa la mtu. Itumie kuchagua mkono wa kupanda, basi.

Makundi yanakuja baadaye. Wisconsin, jimbo jingine la Marekani, wanauliza kama samaki wanajitosheleza kwa kuzaana (kundi la 1), wanazaana lakini wanahitaji kuongezewa (la 2), au hawazaani kabisa (la 3). Pennsylvania wanapima uzito: kundi A kwa trauti wa kijito linaanzia kilo 30 kwa hekta, kahawia kilo 40, na lazima wawepo wadogo wa chini ya sentimita 15. Lakini wewe bado huna hata samaki mmoja wa kuweka kwenye mizani, kundi la nini?

Kwenye kile kisanduku cha matokeo andika: "Kipande cha mita 100 chini ya daraja, Agosti, mchana, nyuzi 23, trauti hawakupatikana, vijito vya juu havijapimwa." Kama fomu ina "ndiyo" na "hapana" peke yake, usiweke alama popote, andika hayo pembeni kwa mkono na upige picha kabla ya kuitoa. Na yule jirani mwambie katapila lisubiri. Akikasirika mpe namba yangu.