Jibu: Mtoto ana miezi minne tiba kazi, nitajuaje kama huduma ni nzuri?

Mleta uzi, swali lako nimelisoma mara mbili maana ni kama nasoma habari zangu mwenyewe. Umesema mtoto yuko mwezi wa nne tiba kazi (occupational therapy, tiba ya kumsaidia aweze shughuli za kila siku kama kuvaa na kula), wewe unakaa kwenye benchi nje, ukiuliza unaambiwa anaendelea vizuri, ukichungulia unaona wanacheza na mpira tu, sasa hujui uridhike au uhame.

Mchezo usikutie hofu. Mtoto akilazwa kifudifudi juu ya mpira mkubwa huku anaokota vitu chini, hapo anajenga mabega na mgongo, na bega lisipokaza mkono hautulii kushika kijiko wala penseli. Tatizo ni kwamba hakuna aliyekwambia mpira ni wa nini.

Wangu ana mtindio wa ubongo, upande wa kulia ndo mzito. Therapisti wetu wa kwanza alikuwa mpole mno, mtoto anampenda, na mimi kila nikiulizwa nasema nimeridhika, kumbe nimeridhika na upole wake. Miezi saba hivyo. Siku moja bibi yake mtoto akaniuliza, hivi huko anafundishwa nini? Nikakosa jibu. Iliniuma kweli, ruhusa kazini naomba mimi, kumbeba nambeba mimi, alafu sijui mwanangu anafanyiwa nini.

Wa pili siku ya kwanza hata hakumgusa mtoto. Aliniuliza asubuhi kwenu inakuwaje, kuanzia anapoamka, nikajikuta nasimulia habari ya shati, ninavyomvalisha mbio mbio huku analia anataka avae mwenyewe. Akatoa fomu inaitwa COPM, ilitengenezwa Kanada, unataja yanayowasumbua alafu kila moja unalitolea alama 1 mpaka 10, mtoto analiweza kiasi gani na wewe umeridhika kiasi gani. Kwenye shati nikatoa 2 na 1. Machozi yalinitoka palepale, nilikuwa sijawahi kuulizwa.

Tukaanza na shati, tena kwa kuanzia mwisho. Nafunga vifungo vyote nabakiza cha chini kabisa, na hicho chenyewe nimeshakipenyeza nusu kwenye tundu, mkono wake wa kulia unashikilia ukingo wa shati, wa kushoto unakivuta kitokeze. Kikitoka shati limeisha na aliyelimaliza ni yeye, uso wake siku ile ya kwanza siwezi kuusahau. Akizoea nabakiza viwili. Ni dakika kumi hivi kila asubuhi, nyumbani. Baada ya miezi mitatu tukajaza tena fomu, 5 na 7, na kwa wanaoitumia ikipanda 2 tu wanahesabu ni badiliko la maana. Vifungo vya juu alikuwa bado haviwezi kabisa ila mimi nilitoa 7 kwa moyo mmoja kwa sababu nilijua tumefika wapi na kinachofuata ni kipi.

Na hauko peke yako. Kuna dodoso lingine la wazazi, MPOC-20, maswali 20 kuhusu ulivyohudumiwa, na nchi nyingi lilikotumika heshima inapata alama nzuri ila kupewa taarifa ndo huwa mkiani.

Kwa hiyo usihame kwanza. Omba uingie ndani sesheni moja, uliza hili zoezi ni ili aweze kufanya nini nyumbani. Therapisti mzuri hachukii hilo swali, wengi wanalifurahia. Kisha omba kitu kimoja tu cha kufanya nyumbani, kimoja! Mimi niliwahi kupewa karatasi ya mazoezi tisa, yakanishinda, nikaanza kusema nimefanya wakati sijafanya, na hilo ni baya sana kwa mtoto maana mwenzako anapanga hatua ya mbele akiamini umeshapita ya nyuma. Yakikushinda mwambie yamekushinda, apunguze.

Ukiuliza hata mara tatu na jibu likabaki "anaendelea vizuri", basi hapo tafuta mwingine, na usione aibu kumuacha mtu kisa alikuwa mwema kwenu.

Tuambie mtoto ana umri gani na asubuhi kinachowasumbua zaidi ni nini, kuvaa, kula au kupiga mswaki, wenye watoto wa umri huo waseme walianzia wapi.