Kurekebisha kisa kilichochapishwa: anza na watu, vyumba baadaye

Ndugu, umeuliza kama inafaa kubadilisha kisa cha mchezo ulichonunua kabla ya kukiendesha kama msimamizi wa wachezaji, kwa kuwa umekisoma chote na umeona kwamba adui mkuu hajitokezi mpaka pango la mwisho. Mimi nimeendesha mara tatu, kwa makundi tofauti, Lost Mine of Phandelver, kilichotoka mwaka 2014 ndani ya kasha la wanaoanza mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika uitwao Dungeons & Dragons, nacho kina tatizo hilohilo. Kibadilishe, lakini shughulika kwanza na nani anataka nini na nani anajua nini.

Mara ya kwanza nilikifuata kama kilivyoandikwa. Wachezaji walikuwa wamelisikia jina la Buibui Mweusi, adui mkuu wa kisa hicho, na hata barua yake wameisoma, lakini walipomwangusha hatimaye, mmoja wao aliuliza kwa upole, "Kumbe ndiye huyu?" Swali hilo liliniuma sana, kwa sababu mimi nilikuwa nimeishi na mtu huyo kwa miezi kadhaa, ilhali wao walikutana naye kwa nusu saa.

Mara ya pili sikubuni mhusika yeyote mpya. Kitabu kinamweka katika ngome ya Cragmaw mjumbe wa Buibui Mweusi, kiumbe awezaye kujigeuza sura, ambaye kundi langu la kwanza lilimuua kabla hajatamka neno. Nilimhamishia mjini, nikamfanya msafiri mchangamfu anayekula nao mezani na kuwauliza habari za safari zao. Kisha, walipolivunja genge la majambazi, wakakuta mlangoni pa nyumba ya wageni barua iliyowataja kwa majina na kutaja mambo waliyomwambia msafiri yule peke yake. Barua hiyo na ile ya Buibui Mweusi niliziandika kwa mkono, kwa kalamu moja. Mchezaji mmoja alizilaza sambamba mezani, akafuata umbo la herufi kwa kidole, kisha akanyanyua uso bila kusema kitu. Kuanzia usiku ule adui alikuwa na sura.

Kuhusu ugumu wa mapambano, usikimbilie kupunguza nguvu za adui. Klarg, zimwi la pango la kwanza, hujeruhi kwa dadu mbili za pande 8 kuongeza 2, yaani wastani wa 11, na mhusika wa daraja la 1, yaani anayeanza, mara nyingi ana pointi za uhai zipatazo 10 tu. Hesabu hiyo inatisha, lakini kitabu chenyewe kina gobilini, yaani zimwi dogo, aitwaye Yeemik anayetamani Klarg afe ili ashike nafasi yake. Nilichofanya ni kumpa gobilini ambaye wachezaji walimteka katika shambulio la barabarani habari hiyo, aitoe mapema, wachezaji waingie pangoni wakiwa na la kuchagua.

Kufuta ndiko kunakohitaji uangalifu zaidi. Mara ya tatu niliuondoa mji wa magofu wa Thundertree ili kuokoa muda, nikasahau kwamba Reidoth, anayeishi humo, ni miongoni mwa wachache wanaoijua njia ya ngome ya Cragmaw, na wachezaji wakazunguka jioni nzima bila dalili. Siku hizi, kabla ya kufuta mahali popote, huandika pembeni kila habari inayopatikana hapo na jina la mtu mwingine atakayeibeba.