Muhuri wa siri usikutie kiwewe: kwa mwandishi anayeanza kazi ya nyaraka

Siku utakayopokea waraka wako wa kwanza wenye neno SIRI juu na chini ya kila ukurasa, mikono itakutetemeka. Mimi ilinitetemeka. Nilikuwa na miaka miwili kazini. Nilifunga mlango nikausoma mara tatu, na kila niliporudia niliona kashfa kubwa zaidi. Mhariri wangu, mzee asiye na maneno mengi, aliupitia haraka, akaniuliza: "Ukiufuta huo muhuri, kinabaki nini?" Zilibaki kumbukumbu za kikao cha idara kilicholalamikia uchakavu wa magari.

Muhuri ni dai. Aliyeugonga alikuwa mtu, mezani kwake, siku fulani, kwa sababu anazozijua yeye, na dai lake linahojiwa kama dai jingine lolote. Ubaya wake ni kwamba unawahadaa watu wa aina mbili: raia anaogopa kuuliza, na mwandishi analewa naye akaacha kuuliza.

Nianze na huyo raia. Oktoba 1948 ndege ya kijeshi ya Marekani aina ya B-29 ilianguka karibu na Waycross, Georgia, ikaua watu 9. Wajane wa raia watatu waliokuwa ndani walidai mahakamani waonyeshwe ripoti ya uchunguzi. Serikali ikakataa, ikisema ripoti ingefichua mitambo ya siri. Mwaka 1953 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilikubaliana na serikali bila majaji kuisoma ripoti yenyewe, na mpaka leo hukumu ile ndiyo nguzo ya serikali ya Marekani inapotaka kuficha ushahidi kwa jina la usalama wa taifa. Miongo mitano baadaye, muhuri ukiwa umeshaondolewa, binti wa mmoja wa marehemu aliipata ripoti hiyo kupitia intaneti. Kilichokuwa kimefichwa humo kilikuwa uzembe na matengenezo ya ndege ambayo hayakufanywa. Tangu nilipoisoma kesi hiyo, nikiona muhuri najiuliza kwanza nani angeaibika, ndipo nijiulize nani angedhurika.

Hata waliokuwa wakiutetea muhuri hukiri, wakishazeeka. Mwaka 1971 Erwin Griswold alisimama mbele ya mahakama hiyo hiyo kuitetea serikali iliyotaka kuzuia gazeti la New York Times na Washington Post kuchapisha historia ya siri ya vita vya Vietnam, kurasa takriban 7,000 alizozitoa Daniel Ellsberg, mchambuzi wa masuala ya kijeshi aliyeshiriki kuiandika. Serikali ilishindwa kwa kura 6 dhidi ya 3. Mwaka 1989 Griswold mwenyewe aliandika kwamba hakuwahi kuona dalili yoyote ya tishio kwa usalama wa taifa lililotokana na uchapishaji ule.

Siri za kweli zipo: mtoa habari aliyeko kijijini kwa wapiganaji, faili la mgonjwa, mahali kikosi kilipo usiku huu. Hizo utazitambua bila kufundishwa.

Sasa wewe mwandishi, yule wa pili, anayelewa. Usiamini karatasi kwa sababu tu imefichwa. Kabla ya vita vya Iraq vya 2003 zilizunguka barua zilizodaiwa kuonyesha kwamba Iraq inanunua Niger urani, madini ya kutengenezea silaha za nyuklia. Zilipita kwa majasusi wa nchi zaidi ya moja. Zilipowafikia wataalamu wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, hazikuchukua muda. Barua moja ya mwaka 2000 ilikuwa na saini ya waziri aliyeondoka madarakani 1989! Machi 2003 shirika hilo liliutangazia ulimwengu kwamba nyaraka hizo si halisi. Kosa la namna hiyo lingeweza kunaswa na karani yeyote wa masjala ya wizara husika.

Kwa hiyo usianze kujifunza kwenye nyaraka za siri. Anza na barua za kawaida. Kusanya barua 50 za wazi kutoka ofisi unayoifuatilia: mialiko, matangazo, majibu ya malalamiko. Tazama kumbukumbu namba zinavyopangwa, nani husaini na nani husaini kwa niaba, tarehe inaandikwaje, nakala hupelekwa kwa nani. Inachosha, najua. Lakini siku ya siku, barua ya bandia itakukwaruza jicho kabla hujajua kwa nini. Ukishajiridhisha kuwa ni halisi, kumbuka pia kwamba waraka halisi hubeba uongo vilevile. Ofisa humwandikia mkubwa wake anachotaka kusikia, rasimu hufa bila kuidhinishwa, dokezo huandikwa ili kumchongea jirani wa meza ya pili. Na aliyekuletea ana lake. Kuwa na lake hakumfanyi mwongo, ila lijue.

Ninalotaka kukaa nalo zaidi ni hili la mtu aliyeuleta.

Niliwahi kuchapisha picha ya ukurasa mmoja tu wa waraka. Nilifunika majina, nikafunika namba, nikafunika muhuri wa mapokezi. Sikufunika alama ndogo ya penseli pembeni, vema iliyowekwa na bosi aliyeusoma na kuurudisha. Nakala yenye vema hiyo ilikuwa moja, na ilipita meza moja. Aliyeniletea waraka hawakumfukuza kazi. Walimhamishia stoo, akabaki huko akihesabu vifaa mpaka alipostaafu. Sikumwandikia tena, kwa kuogopa kumwongezea, na yeye hakunitafuta. Nilikuwa nimeitaka picha ile kwa sababu moja tu: ukurasa wa gazeti ulionekana mtupu bila picha.

Usidhani ni uzembe wa wachanga peke yao. Mwaka 2017 chombo kimoja cha habari cha Marekani, chenye wataalamu wa usalama wa mitandao, kilipata ripoti ya siri kutoka kwa Reality Winner, mfanyakazi wa kampuni iliyolihudumia shirika la ujasusi la NSA, kisha kikawaonyesha maofisa nakala yake ili wathibitishe kuwa ni halisi. Wapelelezi waliona mikunjo, wakajua karatasi ilichapwa kwenye printa. Kumbukumbu za mfumo zikaonyesha waliokuwa wameichapa ni watu 6, na mmoja tu kati yao ndiye aliyekuwa amewasiliana na chombo hicho kwa barua pepe akitumia kompyuta ya kazini. Kurasa zilipochapishwa, wataalamu wa nje wakabaini kuna vidoti vya njano visivyoonekana kirahisi kwa macho, ambavyo printa nyingi huvitia kuonyesha siku na saa ya kuchapa. Alihukumiwa kifungo cha miezi 63.

Ndiyo maana swali langu la kwanza kwa anayeniletea karatasi siku hizi ni: watu wangapi wanayo? Nauliza kabla sijaisoma, nisije nikaipenda. Wakiwa 200, tunazungumza. Wakiwa watatu, naisoma, namrudishia, kisha naanza kuitafuta habari ile ile kwa mlango mwingine. Ukilazimika kuonyesha maneno ya waraka, yaandike upya kwa mkono wako. Usiweke picha, na usimtumie ofisa nakala eti athibitishe. Na faili la kompyuta ni baya kuliko karatasi, kwa kuwa ndani yake limebeba majina ya walioligusa. Serikali ya Uingereza ililijua hilo kwa aibu Februari 2003, ilipoweka hadharani taarifa yake kuhusu Iraq ikiwa faili la Word, na watu wakasoma ndani yake majina ya watumishi walioihariri.

Huo mlango mwingine mara nyingi ni sheria, nao wanaoanza huudharau kwa sababu hauna msisimko. Sweden ilikuwa na sheria ya kuwaruhusu raia kusoma nyaraka za serikali tangu 1766. Marekani ilipata yake 1966, na Kenya na Tanzania zote zilipitisha zao 2016. Leo nchi zaidi ya 100 zinazo. Hizi sheria na waraka uliovuja hufanya kazi vizuri zikiwa pamoja. Waraka hukuambia kitu kipo, na ombi rasmi hukupa nakala safi isiyomgusa mtu. Ila usiombe kwa usahihi unaojisaliti. Ukitaja barua kwa tarehe na namba yake, umeshawaambia unayo. Omba mawasiliano yote kati ya ofisi mbili kwa miezi mitatu, yako yatakuwemo. Wakikataa, hakikisha wamekataa kwa maandishi na kwa kifungu cha sheria, maana hiyo nayo ni habari.

Wakati mwingine utaambiwa faili halipo. Uliza lilikwenda wapi. Waingereza walipoondoka katika makoloni yao walichoma nyaraka nyingi na kusafirisha nyingine, na kwa miaka mingi serikali yao haikukiri kuwa nazo. Wazee wa Mau Mau walipoishtaki serikali hiyo kwa mateso waliyopata, mwaka 2011 ilibidi ikiri kwamba maelfu ya mafaili kutoka makoloni 37 yalikuwa yamehifadhiwa Hanslope Park, kituo cha serikali huko Uingereza. Miongoni mwa yaliyokutwa humo ni maelekezo ya namna ya kuchoma mafaili mengine. Mwaka 2013 ilikubali kuwalipa wazee zaidi ya 5,000.

Kuhusu kiasi cha kuchapisha, mimi si wa kumwaga kila kitu. Nyaraka 251,287 za balozi za Marekani zilizovujishwa kwa mtandao wa WikiLeaks zilipoanza kutoka 2010, magazeti yalichuja majina. Septemba 2011 zote zikawa wazi bila kuchujwa, pamoja na majina ya watu wa kawaida waliozungumza na maofisa wa ubalozi kwa kuaminiana. Umma una haki ya kujua kilichofanywa kwa jina lake, lakini sioni jina la mwalimu aliyejibu swali la mwanadiplomasia lilimsaidia nani.

Mwisho wa kazi utapiga simu kwa msemaji wa ofisi husika. Mpe muda wa kutosha kujibu, mweleze unachokwenda kuandika, hoja kwa hoja, bila kumsomea waraka. Atakwambia: "Hatuzungumzii nyaraka zilizovuja." Yaandike maneno hayo kama yalivyo, na uone hajasema ni za uongo. Kisha atakuuliza umezipata wapi, pengine kwa upole kabisa, pengine kwa kukuita mwanangu. Mwitikie kwa adabu, halafu mrudishie swali lako la kwanza.