Kabla ya Kwenda Jangwani na Marafiki, Changishaneni Kwanza

Juzi msomaji mmoja kaniandikia: "Dada, shikamoo. Tuko marafiki watano, tumeona picha zenu za Namibia, na sisi tunataka kwenda mwakani. Tukodi gari gani?"

Marahaba mdogo wangu. Gari nitakujibu, usijali. Ila mimi nina swali langu kwanza: kati ya hao watano, nani ameshatoa hela?

Nauliza kwa sababu kuna mtu namdai mpaka leo. Sitamtaja jina, tumwite Mheshimiwa, maana safari nzima hakubanduka kiti cha mbele.

Iko hivi. Gari la kukodi Windhoek, mji mkuu wa Namibia, halitoki bila kadi ya benki. Wanazuia dhamana kwenye kadi ya mtu mmoja, na huyo mmoja ndiye anayesaini mkataba. Kadi ilikuwa yangu. Wenzangu wakasema, "Wewe lipa tu, tutarekebishana tukirudi Dar." Ukiisikia kauli hiyo kwenye grupu la WhatsApp, simamisha safari hapo hapo. Bima ya msingi mara nyingi haigusi tairi, kioo cha mbele wala uharibifu wa mchanga, na vitu vinavyoharibika Namibia ndivyo hivyo hivyo.

Windhoek tulilala tu, tukanunua maji, mkaa na nyama. Ila mkipita hapo msiache kwenda mtaa wa Katutura kula kapana, nyama ya ng'ombe inayochomwa mbele yako, unachovya kwenye chumvi na pilipili na kula kwa mkono. Pale mzee mmoja alipojua tunatoka Tanzania aliuliza kwa Kiswahili, taratibu, neno moja moja: "Kongwa bado vumbi?" Wapigania uhuru wa SWAPO, chama kilichopigania uhuru wa Namibia, walikuwa na kambi Kongwa, kule Dodoma, miaka ya 1960, wakati sisi wengine hata wazazi wetu hawajaoana. Alitukataza kulipia soda zetu. Nilikaribia kulia, nakuambia ukweli.

Basi, barabara. Namibia ina zaidi ya kilomita za mraba 820,000, na sensa ya 2023 ilihesabu watu milioni 3 hivi. Dar peke yake inawapita. Maana yake ukipata pancha unaweza kukaa muda mrefu hujaona gari. Lami ukishaiacha unaingia kwenye changarawe, na changarawe ile imejikunja kama bati, gari linatetemeka hadi meno. Sheria inaruhusu kilomita 100 kwa saa, lakini mikataba mingi ya magari inasema 80. Mimi nilikwenda 80. Mheshimiwa akipewa usukani anakwenda 110, eti ukikimbia hausikii mikunjo. Husikii ni kweli, lakini na tairi nazo hazishiki chini. Wageni wengi wanapinduka kwenye changarawe, na wengine hakuna hata gari walilokutana nalo.

Sasa Sossusvlei, kwenye matuta ya mchanga ya jangwa la Namib. Hapa nitakaa kidogo, mniwie radhi.

Ukilala kambi iliyo ndani ya geti la Sesriem, la kuingilia Sossusvlei, unaruhusiwa kutoka mapema kuliko waliolala nje, hivyo jua linakukuta tayari uko kwenye matuta. Kutoka getini ni lami kilomita 60 hivi, halafu kuna maegesho ya magari madogo. Baada ya hapo zimebaki kama kilomita 5 za mchanga mtupu, na hapo ni fowili peke yake, yaani gari linalovuta kwa tairi zote nne. Kuna magari ya pale yanayobeba watu kwa kulipia. Sisi tulikuwa na fowili, kwa hiyo nikashuka kupunguza upepo wa tairi, zitandazike zisizame mchangani. Mheshimiwa akacheka. "Dada, mimi nimeendesha Land Cruiser Loliondo. Panda twende." Wengine kimya. Akaenda na upepo wote wa barabarani.

Hatukufika mbali. Gari likazama mpaka vyuma vya chini vikalala kwenye mchanga, naye akazidi kukanyaga mafuta, tairi zikazidi kuchimba. Nikamwambia ashuke. Nikapiga magoti, nikafungua kifuniko cha valvu, nikabonyeza kwa ncha ya ufunguo: fsssss. Kidogo, napima kwa kipimo. Kidogo tena. Nilishusha tairi zote nne mpaka kama bar 1.5. Wenzangu walichota mchanga kwa beleshi na kwa sahani za chakula. Nikaweka gia nzito, nikatoa mguu kwenye kluchi polepole, sikukanyaga mafuta kwa nguvu. Gari likatoka. Niliendesha mimi mpaka mwisho, na sikusimama mpaka nilipopata mchanga mgumu. Mtu asije kuniambia mwanamke hawezi mchanga.

Deadvlei, bonde lililo jirani na hapo, mmeiona kwenye picha: udongo mweupe, miti iliyokufa karne nyingi na haijaoza kwa sababu hewa ni kavu mno. Nendeni asubuhi.

Siku tuliyoondoka kwenda Swakopmund, mji wa pwani, tulikula keki ya tufaha Solitaire, kituo cha njiani, tukajaza mafuta (jazeni kila mnapoona pampu, hata kama tangi ni nusu), na Mheshimiwa akachukua usukani. Karibu na bonde la Kuiseb tairi la nyuma likapasuka. Tulibadilisha kwenye jua, jeki inazama kwenye changarawe, tukaweka ubao chini yake. Yeye alikuwa anapiga picha.

Tuliporudisha gari, tairi na ufa wa kioo vikakatwa kwenye kadi yangu. Mheshimiwa akasema tairi lilikuwa bovu tangu mwanzo. Tuliporudi Dar, akatoka kwenye grupu.

Jamani, vijana wenzangu, tunapenda picha kuliko makubaliano. Mtu mzima anatoa hela yake kabla hajaingiza miguu kwenye gari la mwenzake. Mchango ukae kwenye akaunti moja kabla ya kukata tiketi, pamoja na fungu la tairi na kioo. Andikeni nani anaendesha, na mwendo gani. Narudia: hela kwanza. Urafiki wa miaka hauzuii mtu kukukimbia kwa sababu ya tairi moja.

Haya mdogo wangu, gari lako. Watano na mizigo na mahema, kodini fowili mbili ndogo badala ya moja, mvutane zikizama. Hakikisheni zina spea mbili mbili, pampu ya upepo na kipimo. Julai na Agosti usiku ni baridi kali, chukueni majaketi ya kweli, na kambi ya ndani ya geti ombeni nafasi miezi mingi kabla. Msiendeshe usiku, swala wakubwa wanakatiza barabara. Wakishachanga wote watano, niandikie tena nikuelekeze njia.